Damu kwenye mkojo si kichocho kila mara

Hapa pwani damu ikionekana kwenye mkojo, jina huwa tayari: kichocho. Watu hawajakosea kuanzia hapo. Kwale na Tana River kichocho kipo, na dawa yake, prazikwanteli, imewaponya wengi. Shida ni pale mtu anapomeza dawa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na damu inarudi vilevile.

Mwaka jana alivuka feri kijana wa miaka 19 kutoka Likoni, mrefu, mwembamba, pamoja na mamake. Mama alitoa mkobani chupa iliyoviringishwa gazeti. Mkojo ulikuwa na rangi ya maji yaliyolowekwa mabuyu. "Daktari, kila akicheza mpira ndiyo hivi." Ameshapewa dawa ya kichocho mara tatu, na hakuna aliyeona hata yai moja la minyoo ya kichocho kwenye darubini.

Nilimwuliza damu huja lini. Ya kichocho mara nyingi hutoka mwishoni mwa mkojo, maana mayai yamekaa kwenye ukuta wa kibofu. Yake ilikuwa imechanganyika tangu tone la kwanza, na ubavu wa kushoto ulikuwa ukimuuma. Tukarudia kipimo, mkojo ukichukuliwa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai hutoka kwa wingi. Hamna kitu. Nikapitisha kamera hadi kibofuni. Kibofu safi. Mkojo wa figo huingia humo kwa mikupuo, kupitia vitundu viwili: cha kulia kilitoa maji meupe, cha kushoto kikatoa wekundu. Nikangoja mikupuo mitano. Kushoto tu.

Vena, mshipa unaorudisha damu moyoni, ya figo la kulia ni fupi, sentimita 2 hadi 4. Ya kushoto hufika 6 hadi 10, na sharti ivuke aota, mshipa mkubwa utokao moyoni, ndipo iifikie vena kuu. Kwa kawaida hupita mbele ya aota, chini ya ateri inayolisha utumbo. Nafasi hiyo ikibana, vena husongwa. Mbelgiji de Schepper, mwaka 1972, aliifananisha na chombo cha kubangulia njugu. Mimi huwaambia wagonjwa korosho. Damu ikikosa njia, presha hupanda ndani ya figo na vijishipa vyembamba hupasukia kwenye mkojo.

Kijana huyu yake ilikuwa ya kuzaliwa. Kati ya wiki ya 4 na ya 8 ya mimba, vena hujenga pete kuizunguka aota, na tawi la nyuma hufifia. Kwake lilififia la mbele. Siti skani ilionyesha vena yake ikipita nyuma ya aota, imelaliwa kwenye uti wa mgongo, bapa kama utepe. Wapo ambao matawi yote mawili hubaki. Wengi wao hawaumwi kitu maisha yao yote.

Kuna jambo nililikosa siku ya kwanza: nilimpima korodani akiwa amelala. Vena ya korodani la kushoto humwaga damu kwenye vena ya figo, kwa hiyo presha humrudia huko chini. Aliposimama na kukaza pumzi, mishipa ilijaa vidoleni mwangu kama tambi zilizopikwa. Sasa kila kijana namsimamisha. Nawasihi wanaume msifiche uvimbe huo kwa kuogopa kuambiwa mna busha. Busha ni maji, hii ni mishipa, na inaweza kupunguza uwezo wa kuzaa. Ukitokea ghafla upande wa kulia peke yake, figo lipigwe picha upesi, kwani huenda kuna uvimbe mbaya unaoziba njia. Kwa wanawake presha hiyo huleta maumivu ya chini ya tumbo yanayozidi wakisimama muda mrefu.

Upasuaji wa kuhamisha vena upo, lakini siukimbilii. Kiwango cha damu mwilini mwake hakijapungua, figo linafanya kazi, kwa hiyo tunamfuatilia kwa altrasaundi na vipimo vya damu. Kikianza kupungua, au maumivu yakimzidi, tutazungumza upya.

Wakati wa kuondoka mamake alibaki nyuma mlangoni. Aliniuliza kama ni zile ndoo za maji alizobeba akiwa na mimba yake. Nikamwambia hapana, mama: vena hizi hujipanga mapema mno, wengine hata hawajajua kama wameshika mimba, na hakuna ndoo inayozigusa. Aliketi tena kidogo kabla ya kwenda.