Nimeacha sigara, mbona najisikia vibaya zaidi? Maswali na majibu

Wengi wanaorudia sigara hurudia katika siku chache za mwanzo, na mara nyingi si kwa kukosa nia. Mtu anaona kikohozi kimezidi, usingizi umepotea na hasira ziko karibu, anajiambia kwamba labda mwili wake uliizoea sigara kiasi kwamba hauwezi kuwa mzima bila hiyo. Anasoma vibaya dalili za mwili unaojirekebisha. Majibu haya ni kwa ajili yake, na kwa wanaoishi naye.

Siku ya kwanza niliimudu, ya tatu nikataka kupasuka. Ni kawaida?

Ni kawaida kabisa. Mvuto mmoja wa sigara hufikisha nikotini kwenye ubongo ndani ya sekunde zisizozidi 20, na huko hujishikiza kwenye vipokezi vyake, yaani sehemu za seli za ubongo zinazoipokea. Ukivuta kila siku kwa muda mrefu, ubongo huongeza idadi ya vipokezi hivyo. Unapoacha, nikotini iliyomo kwenye damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa 2 hivi, kwa hiyo kesho yake imebaki kidogo sana, lakini vipokezi bado vipo vyote na vinadai. Ndipo kichwa kinapokuwa kizito, akili haitulii kwenye kazi, njaa haikatiki na neno dogo tu linakutibua.

Hali hii hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua, na kwa watu wengi huwa imetulia ndani ya wiki 2 hadi 4. Ile hamu kali yenyewe huja na kuondoka, na kila inapokuja hudumu dakika chache tu. Hili ndilo ningependa kila anayeacha alijue mapema: hamu inapita, uvute usivute. Ukiweza kuondoka ulipo, ukanywa maji, ukanawa uso, ukampigia mtu simu, dakika hizo zinakwisha.

Sigara ilikuwa inanituliza. Sasa nitatulia kwa nini?

Swali hili linastahili jibu refu, kwa sababu ndilo linalowarudisha watu wengi.

Mvutaji anapomaliza sigara, nikotini huanza kushuka mara moja. Baada ya saa moja au mbili anaanza kukosa raha, mikono haitulii, mambo madogo yanamkera. Anawasha nyingine na raha inarudi. Raha hiyo ni ya kweli, hajidanganyi. Ila kinachotulizwa kwa sehemu kubwa ni kero iliyoletwa na sigara iliyotangulia. Asiyevuta hana kero hiyo tangu mwanzo. Kwa hiyo mvutaji wa sigara 20 kwa siku hupanda na kushuka mara 20, na kila anaposhuka anaamini ni maisha yanayombana.

Watafiti waliolinganisha hali za watu kabla na baada ya kuacha wamekuta kwamba walioacha, miezi kadhaa baadaye, wana wasiwasi na msongo mdogo kuliko walioendelea kuvuta. Imeonekana hivyo hata kwa wenye maradhi ya akili, ambao kwa miaka mingi walikuwa wakiambiwa waachwe wavute kwa sababu ndiyo faraja yao. Naona waliambiwa vibaya.

Hata hivyo kuna kitu cha kweli ambacho sigara ilikuwa inakupa: ruhusa ya kusimama. Ulikuwa unatoka nje, unavuta pumzi ndefu, unakaa dakika 5 bila mtu kukuuliza kitu. Usiiache ruhusa hiyo pamoja na sigara. Toka nje vilevile, saa zilezile, uvute hewa vilevile, mikono mitupu.

Mbona nakohoa zaidi kuliko nilipokuwa navuta?

Ndani ya njia za hewa kuna vinyweleo vidogo mno ambavyo kazi yake ni kufagia uchafu na makohozi kuelekea juu. Moshi huvipooza. Ukiacha, huanza tena kazi, na mzigo uliolala huko chini lazima utoke. Kikohozi cha namna hii kinaweza kuchukua wiki kadhaa. Kwa jumla kukohoa na kuhema hupungua kati ya mwezi 1 na wa 9.

Lakini usimezee kila kitu kwa maelezo hayo. Ukitema damu, ukikonda bila sababu, ukipata homa za mara kwa mara, maumivu ya kifua au kikohozi kisichopungua kabisa, nenda kapimwe.

Sipati usingizi na moyo unaenda mbio. Ni nikotini bado?

Inawezekana, lakini angalia kwanza kahawa yako. Moshi wa sigara huliamsha ini livunje kafeini haraka. Ukiacha, ini hurudia kasi yake ya kawaida ndani ya siku chache, na vikombe vilevile ulivyovizoea huacha kafeini nyingi zaidi kwenye damu. Unatetemeka, hupati usingizi, unadhani ni uteja wa sigara. Punguza kahawa kwa nusu hivi na usinywe baada ya mchana.

Jambo hilohilo huzihusu baadhi ya dawa, kama klozapini na olanzapini (za maradhi ya akili) na theofilini (ya pumu). Anayezitumia anaweza kuhitaji dozi ndogo zaidi baada ya kuacha. Anayetumia insulini au warfarini (ya kuzuia damu kuganda) naye anahitaji kufuatiliwa kwa karibu. Mwambie daktari kabla ya siku ya kuacha, wala usibadilishe dozi mwenyewe.

Nitanenepa?

Huenda. Wengi huongezeka kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza, wengine hawaongezeki kabisa. Nikotini ilikuwa inapunguza njaa na kuufanya mwili uchome nguvu zaidi kila siku. Kilo hizo hazifuti faida ya kuacha. Tembea kila siku na uwe na kitu cha kutafuna kisicho na sukari, ila usianze kujinyima chakula katika mwezi wa kwanza: njaa na hamu ya sigara vikikutana, sigara hushinda.

Chingamu na vibandiko vya nikotini si kuhamisha uteja tu?

Kinachoua wavutaji kwa sehemu kubwa ni moshi. Ndani yake kuna kemikali zaidi ya 7,000, na karibu 70 kati yake zinajulikana kusababisha saratani. Kibandiko hakina moshi, na hutoa nikotini polepole kwa kipimo kinachopunguzwa hatua kwa hatua. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliziweka bidhaa hizi kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009, na mwaka 2021 likaongeza vidonge vya bupropioni na vareniklini.

Wengi wanaosema chingamu haikuwasaidia waliitafuna kama chingamu ya kawaida. Wanaitafuna mfululizo, wanameza mate, nikotini inaishia tumboni na kuleta kwikwi na kiungulia. Itafune taratibu mpaka uhisi ladha kali kama pilipili, kisha iegeshe kati ya shavu na ufizi. Ladha ikififia, tafuna tena kidogo, uiegeshe upande mwingine. Endelea hivyo kama nusu saa. Kahawa, soda na juisi huzuia nikotini kupenya mdomoni, kwa hiyo viache dakika 15 kabla. Kibandiko pamoja na chingamu hufanya kazi vizuri kuliko kimoja peke yake. Mjamzito au mwenye ugonjwa wa moyo aongee na mtaalamu kwanza.

Nikibaki na moja tu kwa siku?

Moyo haukubali hesabu hiyo. Anayevuta sigara moja kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo aliyo nayo anayevuta 20. Kupunguza kuwe njia ya kuelekea siku ya kuacha, iliyopangwa tarehe.

Nina miaka 60. Si nimechelewa?

Hapana. Nchini Uingereza, madaktari walianza kufuatiliwa mwaka 1951 kuhusu uvutaji wao, na ufuatiliaji ukaendelea miaka 50. Walioacha wakiwa na miaka 30 waliokoa takriban miaka 10 ya maisha, wenye 40 miaka 9, wenye 50 miaka 6, na wenye 60 miaka 3. Ndani ya mwaka 1 hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo hushuka karibu nusu, na baada ya miaka 10 hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu ni karibu nusu ya ile ya anayeendelea. Kabla ya hapo utaona mengine: harufu za chakula zinarudi, ngazi unazipanda bila kusimama katikati, na safari ndefu unaikaa bila kuwaza wapi utashuka uvute.

Mume wangu ameacha wiki hii na nyumba haikaliki. Nifanyeje?

Mazungumzo mazito yanayoweza kusubiri, yaahirisheni wiki mbili. Toa vyombo vya majivu na viberiti, fua makoti yenye harufu. Dakika za baada ya kula ndizo ngumu, mtoke mkatembee. Usimuulize kila saa kama amevuta. Akiteleza akavuta moja, mwulize ilikuwa saa ngapi na alikuwa na nani, kwa sababu hapo ndipo pa kuziba. Huzuni ikivuka mwezi, nendeni mkamwone mtaalamu. Na akisema maisha hayana maana tena, usisubiri kesho: mpeleke hospitali siku hiyohiyo, na usimwache peke yake mpaka mfike.