Walionyimwa posho wakafa: namna ya kuisoma hesabu ya 2,380

Kila ndugu zetu walioko Uingereza wanapoanza kulalamikia posho za ulemavu, hesabu moja hurudi: 2,380, watu waliokufa baada ya kuambiwa wanaweza kazi. Kazi yangu ni takwimu za vifo, na nimekwisha kuulizwa mara nyingi barazani hapa Lamu kama hesabu hiyo ni ya kweli. Ni ya kweli. Ila haisemi wanachodhani wengi wanaoisambaza, kwamba kunyimwa posho ndiko kulikowaua, na wala haiwasafishi wakubwa wa kule.

Tangu Oktoba 2008 Uingereza ina posho iitwayo ESA kwa wagonjwa na walemavu wasioweza kufanya kazi. Muombaji hupimwa kwa alama za mambo anayoshindwa kuyafanya, na kwa muda mrefu upimaji huo umekuwa mikononi mwa kampuni za binafsi zenye mkataba na serikali. Kwa kawaida, asiyefikisha alama 15 huambiwa anaweza kazi, na posho hukatwa. Agosti 2015, baada ya raia kuibana kwa sheria ya haki ya kupata habari, Idara ya Kazi na Pensheni ilitoa takwimu: kati ya Desemba 2011 na Februari 2014 walifariki watu 2,380 ambao tayari walikuwa wameambiwa wanaweza kazi. Ni karibu watu 90 kwa mwezi.

Idara ikaonya papo hapo kuwa hesabu hiyo haithibitishi kwamba uamuzi wake ndio ulioua. Kitakwimu, wana haki. Wanaofia wodini ni wengi kuliko wanaofia gatini, na hakuna mwenye akili atakayesema wodi ndiyo inayoua. Ili kujua kama kunyimwa kuliongeza vifo, lazima ujue walionyimwa walikuwa wangapi kwa jumla, umri wao, maradhi yao, kisha uwalinganishe na watu wa hali kama yao ambao hawakunyimwa.

Lakini onyo hilo linaficha jambo. Hawa si wagonjwa waliohesabiwa kuwa wagonjwa. Ni watu ambao serikali yenyewe ilisema wana afya ya kutosha kuingia kazini. Tuseme mtu mwenye saratani kaambiwa akatafute kazi, akafa baada ya wiki chache. Saratani ndiyo iliyomuua, sawa. Basi yule aliyempima aliona nini? Kwangu mimi 2,380 ni hesabu ya kukagulia kipimo kabla ya kuwa hesabu ya kuhukumia muuaji, na Idara ingependa tusifike kwenye swali hilo.

Ushahidi wa madhara yenyewe ulitoka kwengine. Mwaka huohuo wa 2015 watafiti wa vyuo vikuu vya Liverpool na Oxford walilinganisha wilaya 149 za England kati ya 2010 na 2013, kipindi ambacho zaidi ya watu milioni moja waliokuwa tayari wakipokea posho walipimwa upya. Wilaya zilizopima watu wengi zaidi ndizo zilizoona ongezeko kubwa zaidi la kujiua: kwa kila watu 10,000 waliopimwa, vifo 6 vya ziada. Kwa jumla walikadiria vifo 590. Utafiti wa namna hii hulinganisha maeneo, hauwezi kukuambia fulani bin fulani alijiua kwa sababu gani. Serikali ikaukataa. Hata hivyo, mwaka 2014 afisa mmoja wa London mwenye kazi ya kuchunguza vifo alikuwa amekwisha kuiandikia Idara kuhusu mtu aliyejiua baada ya kuambiwa anaweza kazi, hali aliyempima hakuwa na maelezo ya madaktari wake. Na Februari 2020 wakaguzi wa hesabu za serikali walikuta Idara imechunguza vifo 69 vya kujiua vya wapokeaji wa posho tangu 2014, wakasema haielekei kabisa kuwa hivyo ndivyo vyote.

Haya yote yaliwezekana kwa sababu kule aliyenyimwa ameandikwa. Ana faili, ana tarehe, ana barua.

Njoo kwetu. Pesa za Inua Jamii, mpango wa serikali ya Kenya wa kusaidia wasiojiweza, kwa wenye ulemavu mkubwa ni shilingi 2,000 kwa mwezi, zikiwalenga wanaohitaji mtu wa kuwatunza muda wote katika nyumba za kimaskini. Nafasi hazitoshi. Mama wa Kizingitini, kisiwani Pate, ambaye mwanawe hajiwezi huambiwa jina halijatoka, basi. Niliowauliza hawana karatasi yoyote ya kukataliwa. Ili mtoto apimwe ulemavu inabidi afikishwe hospitali ya serikali yenye kamati ya upimaji, na ukimbeba mtu asiyeweza kuketi kwenye boti wakati wa kusi utajua kwa nini wengine hawaendi.

Kijana huyo hafi kwa kukosa shilingi 2,000. Hufa kwa kidonda cha kulalia kilichoingia usaha, au mkojo uliopanda na ugonjwa hadi kwenye figo, au dawa ya kifafa iliyokwisha Jumanne na boti ya nafuu ikawa Ijumaa. Pesa hizo ndizo sabuni, pampasi, nauli. Akifia nyumbani huzikwa siku hiyohiyo kama dini inavyotaka, na kifo huandikishwa kupitia kwa naibu chifu, ambaye si daktari. Familia ikisema homa, huandikwa homa. Simlaumu; hakuna aliyemfundisha kuuliza zaidi.

Kwa hiyo mtu akiniuliza wangapi Lamu wamekufa baada ya kukosa, namjibu kuwa hapajawekwa daftari la kuwahesabu. Na si kazi ngumu. Muombaji aliyekosa aandikwe pamoja na nambari ya kitambulisho na sababu ya kukosa, kwa kuwa kitambulisho cha marehemu hurudishwa kifo kinapoandikishwa. Orodha hizo mbili zikikutanishwa mara moja kwa mwaka, tutaanza kuona. Tatizo litabaki kwa watoto. Wao hutegemea cheti cha kuzaliwa, na waliozaliwa nyumbani visiwani wengi wao hawanacho.