Babu, Mjukuu na Wingu: Dhana Potofu Ndani ya Kibonzo Kilichochuja

Kibonzo hiki unakijua hata kama hujawahi kukiona. Kisanduku cha kwanza: babu ameishika simu juu chini. Kisanduku cha pili: mjukuu, macho yamegandia kwenye simu yake mwenyewe, anamjibu kwamba picha "ziko kwenye wingu". Kisanduku cha tatu: babu yuko dirishani na mwavuli, anatazama mbingu, anaogopa picha zitalowa. Magazeti hubadilika, kofia ya babu hubadilika, mzaha ni uleule.

Nikishika gazeti, ukurasa wa vibonzo ndio ninaoanza nao, tangu utotoni. Ndiyo maana uvivu huu unaniuma. Mchoraji mzuri huchekesha kwa sababu ametazama watu kwa makini. Huyu hakutazama, na kila kisanduku alichochora kimebeba jambo lisilo la kweli.

Dhana: Wazee na teknolojia hawapatani.

Ukweli: Teknolojia yenyewe imeundwa na hao wazee. Vinton Cerf alizaliwa 1943 na Robert Kahn 1938. Mwaka 1974 wawili hao walichapisha msingi wa kanuni ambazo kompyuta hutumia hadi leo kuzungumza kwenye intaneti. Martin Cooper, aliyepiga simu ya kwanza ya mkononi jijini New York mwezi Aprili 1973, ni wa mwaka 1928. Masako Wakamiya wa Japani alitoa programu ya mchezo wa simu mwaka 2017, akiwa na miaka 81.

Ni kweli wapo wazee wengi wanaohangaika na simu, lakini tuangalie wanahangaikia nini. Maandishi ni madogo kama chawa. Rangi zimefifia. Vitufe ni michoro isiyo na neno hata moja, na kila programu ikisasishwa kitufe kilichokuwa kulia kinahamia kushoto. Halafu kuna jambo ambalo wachora vibonzo hawaligusi kabisa: kioo cha simu janja hutambua kidole kwa chaji ya umeme inayopita kwenye ngozi, na ngozi hukauka kadiri umri unavyosonga. Kidole kikavu mara nyingine hakisomeki. Bibi anayebonyeza mara tatu, nne, kisha akaambiwa "hujui kutumia", huenda anajua vizuri kabisa. Kioo ndicho hakikumsikia. Hapo pana kibonzo kizima, chenye ukweli na huruma ndani yake, na bado kinasubiri mtu wa kukichora.

Dhana: Mtoto wa siku hizi huzaliwa akijua kompyuta.

Ukweli: Anajua kutelezesha kidole. Utafiti wa kimataifa wa ICILS, unaopima ujuzi wa wanafunzi wa kutumia kompyuta na taarifa, mwaka 2018 uliwapima wanafunzi zaidi ya 46,000 wa darasa la nane, na ni asilimia 2 tu waliofika ngazi ya juu kabisa, ile ya kutafuta taarifa wenyewe na kuzipima kama zinaaminika. Kumsifu mtoto kwa ujuzi ambao hana ni kumnyima mafunzo anayoyahitaji.

Dhana: Wingu liko juu.

Ukweli: Liko chini, na sehemu kubwa ya njia zake iko chini ya bahari. Picha za babu zimehifadhiwa kwenye kompyuta za mtu mwingine, ndani ya majengo makubwa yanayokula umeme usiku na mchana na kutafuta kila namna ya kupoza joto. Karibu mawasiliano yote ya data kati ya mabara hupita kwenye mikongo iliyolazwa sakafuni mwa bahari. Mvua haiitishi mikongo hiyo. Nanga za meli na nyavu za wavuvi ndizo huikata mara nyingi. Mwezi Januari 2022 mlipuko wa volkano ulikata mkongo wa Tonga, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, na kisiwa chake kikuu kilikaa zaidi ya mwezi kabla mkongo huo haujarudi kazini. Babu anayeuliza picha zake ziko wapi hasa, nani anazitunza, na kutatokea nini njia ikikatika, ameuliza swali la maana kuliko yote kwenye kibonzo kile, naye ndiye aliyefanywa mjinga.

Dhana: Zamani watu walizungumza, simu ndiyo iliyotunyamazisha.

Ukweli: Malalamiko haya yana umri mkubwa kuliko simu ya mkononi. Desemba 1906 jarida la Uingereza liitwalo Punch lilichapisha mchoro wa kubashiri mwaka 1907: bibi na bwana wameketi bustanini, kila mmoja na kimashine chake cha kupokea habari zisizo na waya. Maelezo yaliyoandikwa chini yanasema hawawasiliani wao kwa wao. Bibi anapokea ujumbe wa mapenzi, bwana anapokea matokeo ya mbio za farasi. Wakati ule ulikuwa ubunifu, kwa sababu mchoraji aliona jambo ambalo halijatokea. Anayeurudia leo ananakili.

Tena mchoraji wa leo hutuonyesha kichwa kilichoinama, hatuonyeshi kilichomo kwenye kioo. Kijana kiziwi anayezungumza kwa lugha ya alama na mama yake aliye mbali, kwa simu ya video, naye huonekana ameinamia simu. Cerf mwenyewe ana tatizo la kusikia, na amekuwa akieleza jinsi baruapepe ilivyomrahisishia mawasiliano. Sisemi simu haina madhara. Dereva anayeandika ujumbe huku anaendesha anaweza kuua, na hilo halichekeshi. Ila kichwa kuinama peke yake si ushahidi wa lolote.

Wapo waliowahi kuifanya kazi hii ipasavyo. Machi 1919 W. K. Haselden alichora katika gazeti la Daily Mirror la London visanduku kadhaa kuhusu simu ya mfukoni, chombo ambacho hakikuwapo. Hakumcheka mzee wala mtoto. Alijiuliza swali moja tu: italia saa ngapi? Akachora inalia mtu anapokimbilia treni, mikono yake ikiwa imejaa mizigo, akiwa katikati ya tamasha la muziki, na siku anapofunga ndoa. Simu ya Cooper ilikuwa bado miaka 54 mbele.