Sonona na wasiwasi uliopitiliza: kinachovirefusha kwa mtu mzima

Kulia msibani au kutetemeka kabla ya usaili si ugonjwa. Sonona ni huzuni, au kutofurahia tena mambo uliyoyapenda, inayodumu karibu kutwa nzima na karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, ikiandamana na usingizi kuvurugika, hamu ya kula kubadilika, uchovu, kushindwa kuzingatia jambo, kujilaumu ovyo au mawazo ya kifo. Wasiwasi uliopitiliza huzunguka mambo mengi kwa mpigo: kazi, fedha, afya, watoto. Hauzuiliki, unadumu miezi, na misuli hukaa imekaza. Mara nyingi hali hizi mbili humpata mtu yuleyule.

Wengi hawamwendei daktari wakisema wana huzuni. Wanalalamikia kichwa, mgongo, tumbo, moyo kwenda mbio. Kupima wingi wa damu na homoni za tezi ya shingo kuna maana, kwa sababu matatizo ya huko huleta dalili zinazofanana na hizi.

Vyanzo ni vingi, kuanzia kurithi hadi kufiwa au maradhi ya muda mrefu. Lakini kinachozirefusha hali hizi, kwa kiasi kikubwa, ni kukwepa. Chukua ujumbe wa bosi. Unauona, moyo unadunda, unaamua kutoufungua, na papo hapo unapata nafuu. Nafuu hiyo ndiyo mtego: ubongo umejifunza kwamba usalama ni kutofungua, na kesho hofu inakuja kubwa zaidi. Kwenye sonona, kila unachokighairi kinaondoa nafasi ya kupata furaha kidogo, na nguvu zinazidi kupungua.

Kwa hiyo usingoje hamu ije kwanza. Kwa kawaida hufuata tendo. Badala ya “nitafanya mazoezi”, andika: saa 1 asubuhi, viatu, kutembea dakika 10. Kabla na baada, ipe hali yako alama kati ya 0 na 10, maana sonona husahaulisha hata nafuu ya jana. Wengi hukwama kwa kuanza na saa nzima, wanashindwa siku ya pili, kisha wanajihukumu. Ukilemewa punguza dakika, usiruke siku. Kwa hofu, panga unayoyakwepa kutoka jepesi hadi zito, uanze na jepesi na ubaki hapo mpaka hofu ishuke. Ukikimbia ikiwa kileleni, unaipa nguvu.

Kuvuta pumzi kunasaidia, ila si kwa pupa. Vuta kwa hesabu ya 4, toa kwa 6, taratibu, kwa dakika 5. Ukihema kwa nguvu na haraka utapata kizunguzungu na ganzi vidoleni, halafu udhani unakufa. Pombe nayo huleta usingizi upesi, ikaukata usiku wa manane.

Haya yasipotosha, kuna tiba ya mazungumzo na dawa. Dawa za sonona huchukua wiki 2 hadi 4 au zaidi kuonyesha nafuu, ilhali kichefuchefu na kutotulia hutangulia. Ndiyo sababu wengi huziacha mapema mno. Ukipona, kwa kawaida huendelea nazo angalau miezi 6, kisha hupunguzwa polepole na daktari. Diazepamu hutuliza haraka, lakini mwili unaweza kuizoea ndani ya wiki chache. Kama umewahi kupitia siku kadhaa za kulala kidogo sana huku una nguvu na maneno kupita kawaida, mwambie daktari kabla ya kuandikiwa chochote, kwani dawa ya sonona peke yake inaweza kuirudisha hali hiyo.

Anayepanga kujiua hangoji miadi: apelekwe hospitali siku hiyohiyo, asiachwe peke yake, na dawa, sumu na silaha ziondolewe karibu naye. Kumuuliza waziwazi kama anawaza kujiua hakumpi wazo hilo.