Mionzi ya mawe: yanayosemwa na yalivyo

"Jiwe lenye mionzi huwaka gizani." Haliwaki. Baadhi ya madini ya urani hung'aa kijani yakimulikwa kwa taa maalumu, lakini hata mawe yasiyo na chembe ya urani hufanya hivyo. Anayetaka kujua atumie kipimo cha mionzi.

"Ukilishika tu, umekwisha." Mionzi ni ya aina kadhaa. Miale ya alfa, inayotoka kwa wingi kwenye urani na thoriamu, metali mbili zenye mionzi, huzuiwa na karatasi moja tu, au na tabaka la juu la ngozi. Miale ya gama, aina nyingine, hupenya, ndiyo, lakini kukishika kipande cha mwamba kwa dakika chache si jambo la kukukosesha usingizi. Balaa ni kile unachovuta puani.

Chukua kilima cha Mrima, kule Kwale, pwani ya Kenya, ambako udongo una thoriamu nyingi. Thoriamu ikivunjika yenyewe kidogo kidogo huzaa gesi yenye mionzi iitwayo thoroni, isiyo na rangi wala harufu. Nusu yake hutoweka kila baada ya sekunde 56 hivi, kwa hiyo haifiki mbali na ukuta ilikotoka. Nyumba ikikandikwa kwa udongo wa aina hiyo, aliyebana kitanda ukutani huivuta zaidi kuliko aliyelala katikati ya chumba. Masalia yake hudumu kwa saa kadhaa na kuenea chumba kizima, basi kusogeza kitanda peke yake hakutoshi. Ukuta upigwe lipu, madirisha yafunguliwe.

"Basi wa Mrima wote watapata saratani." Nani kasema? Huko Kerala, India, watu wanaishi juu ya mchanga wenye thoriamu, na waliofuatiliwa kwa miaka mingi hawakuonekana kuugua saratani zaidi kuliko wengine. Hilo halimpi mtu ruhusa ya kula vumbi. Radoni, ndugu yake thoroni anayetokana na urani, ni ya pili baada ya sigara kwa kusababisha saratani ya mapafu, na anayevuta sigara huzidishiwa hatari.

"Mchimbaji akinywa maziwa jioni, kifua husafika." Hii ndiyo inayonikera zaidi, maana inamfanya mtu avue barakoa. Maziwa huenda tumboni. Vumbi liko mapafuni. Kinachosaidia ni kuulowanisha mwamba kabla ya kuuchoronga, barakoa inayobana sawasawa usoni, na nguo za kazi zisifuliwe beseni moja na za watoto.