Kiyoyozi kikubwa si dawa ya chumba kidogo

Hapa Kigoma mjini, kuanzia Mwanga hadi Ujiji, bado tunashauriana hivi: nunua kiyoyozi kikubwa, chumba kitapoa haraka na utakuwa umemaliza kazi. Kupoa haraka ni kweli, na shida inaanzia hapo hapo.

Kiyoyozi hupoza hewa na pia huitoa unyevu. Unyevu hutoka taratibu, hewa inapopita kwenye koili baridi na maji kudondoka kupitia bomba la nje. Cha BTU 18,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) katika chumba cha mita 3 kwa 4 hufikia nyuzi 24 upesi, kikazima, kisha kikawaka tena. Maji hayajatoka ya kutosha. Wakati wa mvua, na ziwa liko jirani, unalala kwenye baridi ya majimaji, shuka zinanata. Kompresa, yaani pampu ya gesi ya kupoza, nayo inachoka kwa kuwaka na kuzima. Vyenye inveta, yaani kidhibiti cha kasi ya kompresa, hujipunguza nguvu, ila navyo vina kikomo cha chini.

Kwa chumba hicho, BTU 9,000 kwa kawaida zinatosha. Bati lisilo na dari, au dirisha linalopigwa na jua la jioni, ndiyo sababu halali ya kupanda hadi 12,000. Mimi ningeanza na dari kwanza.