UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) haitoki kwenye choo cha hosteli

Vyuo vikifunguliwa, magrupu ya WhatsApp ya wanafunzi wa Dar hupokea ujumbe uleule: "Dada, usikalie choo cha hosteli, utapata UTI."

Vyoo vingi vya pamoja ni vichafu kweli, na uchafu huo unaweza kuleta magonjwa ya kuhara. Ila UTI mara nyingi husababishwa na bakteria wa utumbo wako mwenyewe, hasa E. coli, wanaosogea hadi kwenye njia ya mkojo. Kwa wanawake njia hiyo ni fupi, ndiyo maana huugua zaidi. Kujipangusa kutoka mbele kwenda nyuma husaidia.

Mbona basi wengi huugua wakiwa hosteli? Anayeogopa choo hubana mkojo tangu kipindi cha asubuhi hadi jioni, na maji hanywi, kwa joto hili la Dar! Kujamiiana nako huongeza uwezekano. Akiugua, lawama zote kwa choo, maana hakina wa kukitetea.

Ukisikia maumivu, nenda kapime mkojo. Kipimo cha kuotesha, yaani kukuza maabara bakteria walio kwenye mkojo, huonyesha ni bakteria gani. Ujumbe huo ukikufikia usiusambaze, hasa ule unaomalizia kwa kutaja dozi za antibayotiki.